Akiba ya dharura nyumbani: anza na maji na moto, chakula kifuate

Maji yalipokatika mtaani kwetu kwa siku sita mfululizo, stoo ilikuwa na gunia zima la mchele na debe la maharage. Siku ya pili tukawa tunahesabu vikombe. Maharage yanataka maji ya kuoshea, ya kulowekea na ya kuchemshia. Mchele nao vivyo hivyo. Halafu kuna sufuria za kuosha, mikono ya kunawa na mtoto wa kuogesha. Chakula tulikuwa nacho, lakini mlo haukupikika. Tangu hapo, nikipanga akiba ya nyumba siulizi kwanza tuna kilo ngapi. Nauliza tuna lita ngapi za maji, na tutapikia nini.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Unafaa kwa dharura yoyote inayokufungia ndani au kukukatia huduma: mafuriko, kimbunga, tetemeko, umeme kukatika kwa siku nyingi, ugonjwa wa mlipuko, vurugu barabarani, hata kipato kusimama ghafla.

Hatua ya 1: Hesabu watu na siku

Chukua karatasi uandike kila anayelala humo ndani, pamoja na umri wake, dawa anazotumia kila siku na vyakula visivyomfaa. Mtoto mchanga, mjamzito, mgonjwa wa kisukari na mzee asiyeweza kutafuna kila mmoja ana mahitaji yake, na ukiyasahau sasa utayakumbuka siku maduka yamefungwa.

Kisha chagua idadi ya siku. Lengo la kwanza liwe siku 3, kwa sababu mwanzoni mwa janga waokoaji huwa wanakimbilia walioumia na huenda wasikufikie. Mwezi Machi 2025 Umoja wa Ulaya ulihimiza kaya ziweze kujitegemea kwa angalau saa 72, na Ujerumani imekuwa ikiwashauri wananchi wake kulenga siku 10. Mimi nashauri hivi: timiza siku 3 kwanza, kisha songa polepole hadi wiki 2. Usikope ili ujaze stoo. Kila unapokwenda kununua mahitaji, ongeza kitu kimoja tu, paketi moja ya chumvi au kopo moja la samaki. Baada ya miezi michache utashangaa.

Hatua ya 2: Maji

Kiwango cha chini kabisa ni lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, yaani takribani nusu ya kunywa na nusu ya kupikia na kunawa. Kiwango hicho ni cha kubana. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu huanzia lita 15 kwa mtu ukijumlisha kuoga na kufua. Kwenye joto kali, au kwa mama anayenyonyesha, hata hizo lita 4 zitapungua haraka.

Familia ya watu 5 kwa siku 3 inahitaji lita 60, yaani madumu 3 ya lita 20. Kwa wiki 2 ni lita 280, madumu 14. Kama huna nafasi ya madumu 14, weka 6 au 7 na ujifunze vizuri kutibu maji, nitakavyoeleza hapa chini.

Tumia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula au maji. Dumu lililowahi kukaa mafuta ya taa, rangi au dawa ya shambani lisiguse maji ya kunywa kamwe, hata ulioshe mara 10, kwa sababu plastiki hunyonya kemikali na kuzirudisha kidogo kidogo. Chupa za maziwa nazo ziache. Mabaki ya maziwa hayatoki yote, na bakteria huzaliana humo.

Osha dumu kwa sabuni, lisuuze, kisha lisafishe kwa blichi: kijiko 1 cha chai kwenye lita 1 ya maji, tikisa hadi maji yafike kila kona, pamoja na shingo na mfuniko, subiri nusu dakika, mwaga. Jaza maji safi hadi juu, funga, na uandike tarehe kwa kalamu isiyofutika. Weka mahali penye kivuli na ubaridi, mbali na petroli na dawa za wadudu. Maji uliyojaza mwenyewe yabadilishe kila baada ya miezi 6. Ya zamani usiyamwage bure, fulia au deki nayo.

Akiba ikiisha, tibu maji utakayopata. Kama ni machafu, yaache yatuame, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Baada ya hapo una njia tatu:

Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika zaidi. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, yaache yatokote dakika 1 kamili. Kama unaishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Huhitaji kuchemsha nusu saa, unapoteza moto wako tu.

Blichi ya kawaida ya nguo nyeupe, isiyo na manukato wala rangi, yenye nguvu ya kati ya asilimia 5 na 9: matone 2 kwa kila lita, au takribani nusu kijiko cha chai kwa dumu la lita 20. Koroga, subiri dakika 30. Maji yawe na harufu nyepesi ya klorini. Kama hayana, rudia kipimo kilekile na usubiri dakika nyingine 15. Yakiwa na ukungu, weka maradufu. Blichi hupungua nguvu ikikaa sana, kwa hiyo chupa iliyopita mwaka uibadilishe.

Jua ni msaada pale ambapo huna moto wala dawa. Jaza maji yaliyo meupe kwenye chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, ilaze juani kwa saa 6. Siku yenye mawingu mengi, iache siku 2.

Njia zote hizi huua vijidudu. Hakuna hata moja inayoondoa mafuta, sumu ya shambani wala kemikali za kiwandani. Maji ya mafuriko mara nyingi yamebeba vyote hivyo, na ndiyo maana naweka madumu mbele ya dawa.

Hatua ya 3: Moto na mwanga

Kadiria ni mara ngapi utawasha jiko kwa siku. Kama unatumia gesi, kuwa na mtungi wa pili uliojaa, usimame wima mahali penye hewa, na usiunganishwe hadi wa kwanza uishe. Kama ni mkaa au kuni, viweke pakavu, juu ya mbao na siyo sakafuni.

Hapa naomba usome polepole. Jiko la mkaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu huanza kuumwa kichwa na kusikia usingizi, akilala haamki. Mkaa unaoonekana umepoa na umefunikwa na majivu bado unaitoa. Usiuingize ndani usiku kwa ajili ya joto, hata siku moja. Jenereta nayo ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango na madirisha, moshi wake ukielekea mbali na nyumba.

Ili moto udumu, jifunze kuivisha kwa joto lililohifadhiwa. Chakula kikishatokota vizuri kwa dakika kadhaa, funika sufuria, iweke ndani ya kikapu au boksi lililojazwa mablanketi na nguo nene pande zote, chini na juu, uiache saa kadhaa bila kufunua. Mchele huiva humo bila kuguswa. Nyama na maharage huwa laini, ila yarudishe motoni yatokote tena kabla ya kula. Moto wa mlo mmoja unaweza kupika milo miwili.

Kwa mwanga, tochi au taa ya sola ni bora kuliko mshumaa, kwa kuwa mishumaa imeunguza nyumba nyingi wakati umeme umekatika. Betri za akiba zihifadhi nje ya tochi, zisivuje ndani yake.

Hatua ya 4: Chakula

Kwa wastani mtu mmoja huhitaji takribani kilokalori 2,100 kwa siku, na hicho ndicho kipimo ambacho mashirika ya misaada hupangia mgao. Kwa vyakula vikavu, unakifikia kwa hesabu hii ya mtu mmoja kwa siku: gramu 400 za nafaka au unga, gramu 100 za maharage, dengu au jamii nyingine ya kunde, gramu 35 za mafuta ya kupikia, na gramu 15 za sukari. Familia ya watu 5 kwa wiki 2 basi inataka kilo 28 za nafaka, kilo 7 za kunde, lita 3 kasoro za mafuta na kilo 1 ya sukari, pamoja na paketi ya chumvi yenye madini joto. Watoto wadogo watakula pungufu, na kitakachobaki kitawafaa jirani au mgeni atakayekwama kwako.

Watu wengi huzidisha nafaka na kusahau mafuta. Gramu moja ya mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya nafaka, haihitaji maji, na hufanya chakula kikavu kilike. Usiyaache nje ya hesabu.

Sasa gawa akiba yako katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la siku 3 za mwanzo, pale ambapo huenda huna maji wala moto: vyakula vinavyoliwa vilivyo. Samaki na maharage ya kopo, siagi ya karanga, biskuti kavu, matunda yaliyokaushwa, karanga, maziwa ya paketi yanayokaa bila friji. Weka kifungua kopo cha mkono humohumo, ukifunge kwa kamba kwenye boksi. Fungu la pili ni la kupika: mchele, unga, tambi, kunde.

Ndani ya fungu la pili chagua vinavyoiva haraka. Dengu zilizoparazwa huiva kwa nusu ya muda wa maharage makavu, au chini ya hapo. Maharage yakiwepo, yaloweke usiku kucha, umwage maji ya kulowekea (yanafaa kumwagia chooni), kisha uyachemshe kwa nguvu. Yale mekundu makubwa yana sumu ya asili ambayo moto hafifu hauiondoi: yatokote kwa nguvu dakika 30 kabla ya kuyahamishia kwenye kikapu cha joto.

Suala la unga na nafaka nzima linahitaji uamuzi. Nafaka nzima hukaa muda mrefu zaidi, na unga usiokobolewa huingia uchungu baada ya miezi michache kwa sababu ya mafuta ya kiini chake. Lakini mashine ya kusaga nayo inataka umeme. Kwa hiyo weka unga wa wiki 2 unaouzungusha kila mwezi, yaani unatumia wa zamani na kuweka mpya, na nafaka nzima kama akiba ya nyuma yake.

Kwa mtoto chini ya miezi 6, maziwa ya mama ndiyo akiba kamili. Mama aendelee kunyonyesha hata akiwa na hofu, kwa sababu msongo haukaushi maziwa. Kinachotakiwa ni mama apate maji na chakula kabla ya wengine. Mtoto wa maziwa ya kopo anahitaji akiba yake mwenyewe, maji yaliyochemshwa, na kikombe kinachosafishika kirahisi kuliko chupa. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1.

Na weka kitu cha kufurahisha: majani ya chai, kahawa, pipi za watoto. Siku ya nne ya kukaa gizani, kikombe cha chai yenye sukari huituliza nyumba nzima.

Hatua ya 5: Kuhifadhi, na kula ulichohifadhi

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya chakula huoza, na huozea kwa mtu aliyeificha akasubiri janga. Akiba yangu ni chakula kilekile tunachokula kila wiki, ila kimezidi. Kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Ukileta mfuko mpya, uweke nyuma na uvute wa zamani mbele, kila kimoja kikiwa na tarehe ya kununuliwa iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Maadui wa nafaka ni unyevu, wadudu, panya na joto. Unyevu ndio baba yao. Kipimo chake hakigharimu kitu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia nafaka hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika 1. Iweke mezani robo saa bila kuigusa. Chumvi ikianguka chini na kuacha kioo kikiwa safi, nafaka yako imekauka na inafaa kuhifadhiwa. Ikibaki imeng'ang'ania ukutani mwa chupa kama vumbi jeupe, irudishe juani ukaianike tena.

Nafaka yenye unyevu hushika ukungu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho na upishi wa kawaida hauiondoi. Mahindi au karanga zilizobadilika rangi, zenye kuvu au harufu ya uvundo, zitupe, na mifugo pia usiwape.

Wadudu wanadhibitiwa kwa kuwanyima hewa. Jaza nafaka kavu kwenye dumu au ndoo yenye mfuniko unaobana, hadi juu kabisa pasibaki nafasi, kisha funga kwa nguvu na usifungue kwa wiki kadhaa. Fukusi waliokuwemo humaliza oksijeni na kufa. Vyombo vidogo vingi ni bora kuliko pipa moja, maana kila ukifungua pipa unawarudishia hewa. Unga unaweza kuulaza kwenye friza siku 4 kabla ya kuuhifadhi, ili mayai ya wadudu yafe. Vyombo vyote vikae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta.

Kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu iliyopenya au lililobonyea kwenye mshono, litupe bila kulionja. Sumu ya botulizimu inaweza kuwepo bila harufu wala ladha.

Hatua ya 6: Dawa, usafi na choo

Muulize daktari au mfamasia kama unaweza kuwa na dawa za ziada za wiki 2 kwa anayetumia kila siku, na uzizungushe kama chakula. Weka bandeji, plasta, glovu, dawa ya maumivu, kipimajoto, na pakiti za chumvichumvi za kutibu upungufu wa maji mwilini. Zikiisha, tengeneza: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo wa kijiko. Pima kwa makini, kwa kuwa chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Baada ya saa 24 mwaga utengeneze nyingine.

Sabuni, pedi, nepi na karatasi za chooni ni sehemu ya akiba, siyo nyongeza. Choo kikikosa maji, ndoo yenye mfuniko na mfuko mzito ndani yake, pamoja na majivu ya kunyunyizia kila baada ya kutumia, itaikinga familia dhidi ya kuhara.

Hatua ya 7: Begi la kutokea

Kuna dharura zinazokutaka uondoke, na madumu utayaacha. Begi moja karibu na mlango: chupa za maji, vyakula vya fungu la kwanza vya siku moja, tochi, redio ndogo ya betri, benki ya chaji, dawa, nguo za ndani, na nakala za vitambulisho, vyeti na hati ndani ya mfuko wa plastiki. Pesa taslimu za noti ndogo, maana kadi na malipo ya simu hukwama mtandao ukizima na hakuna atakayekuwa na chenji. Namba za simu ziandike kwenye karatasi. Kubalianeni pa kukutania mkipotezana.

Hatua ya 8: Umeme ukishakatika

Usifungue friji ovyo. Ikibaki imefungwa huweka chakula salama kwa takribani saa 4. Friza iliyojaa huhimili saa 48, iliyo nusu saa 24. Ndiyo maana chupa za maji zinazojaza nafasi tupu ya friza zina faida mara mbili, barafu sasa na maji ya kunywa baadaye. Kula kwanza vya friji, kisha vya friza, mwisho vya stoo. Nyama, samaki, maziwa au chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa 2 juu ya nyuzi 4 za Selsiasi, kitupe. Harufu nzuri si ushahidi kwamba ni salama.

Hatua ya 9: Siku ya majaribio

Chagua siku moja ya mapumziko. Zima swichi kuu, funga bomba, na muishi kwa akiba kuanzia asubuhi hadi asubuhi ya pili. Weka daftari mezani na kila mtu aandike anachokikosa.

Mara yetu ya kwanza tuligundua kwamba kifungua kopo kilikuwa kimevunjika, kwamba dumu lililojaa lilikuwa zito mno kwa mama yangu kuliinamisha, na kwamba mtoto wa miaka mitatu hakubali kabisa samaki wa kopo. Tukanunua kifungua kopo kingine, tukaweka madumu ya lita 5 na bomba dogo la kuchotea, na tukabadilisha samaki kwa siagi ya karanga. Jaribio lile sasa tunalirudia kila baada ya miezi 6, siku ileile ya kubadilisha maji, na tarehe inayofuata imeandikwa nyuma ya mlango wa stoo.